Ukurasa wa Shukrani

Hofu ya kwanza ilimpata kabla hata hajaajiriwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwao, fomu iko mapajani, kalamu mkononi, na mama yake amesimama nyuma yake anasoma kupitia begani. Fomu yenyewe ilikuwa ya upekuzi, kurasa kumi na mbili, ile ambayo serikali inakupa ikitaka kukujua mpaka unyayo kabla haijakuruhusu kushika karatasi zake. Walishamuuliza shule zote alizosoma, vyumba vyote alivyowahi kupanga, magonjwa aliyougua, marafiki zake wanafanya kazi gani. Kisha likaja swali la thelathini na moja: Orodhesha ndugu wote wanaoishi nje ya nchi.

"Andika hakuna," mama yake akasema.

"Mama, hapo chini wameandika kwamba kusema uongo ni kosa la jinai."

"Nimeona, mimi si kipofu. Andika hakuna."

Akaandika hakuna. Kalamu ilikuwa nzuri, haikukwama hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mtaani walimwita Balozi, na tusidanganyane, hawakumwita hivyo kwa heshima. Alisomea uhusiano wa kimataifa mpaka shahada ya pili, akaandika tasnifu nene kuhusu mikataba ya mito inayopita nchi mbili, akavaa joho, akapigwa picha. Kisha akakaa nyumbani miaka minne. Akitoka na ndoo asubuhi, muuza duka anamuuliza, "Balozi, leo umeteuliwa wapi, bombani?" Akirudi kutoka kwenye steshenari alikokuwa akiwachapia wenzake barua za kuomba kazi, mwenye steshenari mwenyewe anamsindikiza kwa saluti. Alicheka nao. Afanye nini? Ukinuna wanakuzidishia.

Basi nafasi ya wizarani ilipotangazwa, afisa mambo ya nje daraja la pili, Balozi aliishika kwa mikono miwili. Usaili wa kwanza walikuwa watu elfu na ushee, wa pili sitini, wa tatu tisa, na katika tisa wakabaki watatu. Kilichobaki kilikuwa upekuzi, na ndani ya upekuzi kilichobaki kilikuwa Mjomba.

Huyu Mjomba alikuwa kaka wa mama yake, tumbo moja, ziwa moja. Zamani alikuwa mpiga chapa katika wizara hiyohiyo, enzi za mashine ambazo ukizigonga nyumba ya pili wanasikia. Siku moja alipewa barua ya siri aichape. Ilisema watu wa bonde fulani waondolewe usiku mmoja kupisha bwawa, na wasiambiwe mpaka magari yafike. Mjomba akaichapa vizuri kama kawaida yake, ila siku hiyo aliweka karatasi moja ya kaboni zaidi, akabaki na nakala. Baada ya wiki barua ikatokea gazetini, na Mjomba akaondoka na mfuko wa sokoni tu, bila kuaga hata aliyekuwa anamdai salamu. Kesi ikafunguliwa bila yeye: kutoa siri za serikali. Mama yake Balozi akachukuliwa, akahojiwa siku tatu. Aliporudi hakusimulia neno, ila tangu hapo mlango ukigongwa anadondosha alichoshika.

Balozi alikuwa na miaka saba wakati huo, na sasa imepita ishirini na miwili. Majirani waliambiwa kaka mtu alifia ugenini. Watu walikuja kutoa pole, wakakaa kwenye mikeka, wakalia, na mama akazipokea pole zote huku anajua marehemu yuko hai anatafuta chumba cha kupanga. Walimzika kwa mdomo, ndivyo mama alivyosema, na maiti wao akawa anapiga simu kila Jumapili saa tisa alasiri.

Alipiga kwa namba tofauti kila mara, hakuacha namba ya kumpigia, na hakuwahi kukosa. Yeye ndiye aliyemletea Balozi vitabu vyote vya diplomasia, kimoja kimoja, mkono wa mtu kwa mkono wa mtu. Na yeye ndiye aliyemfundisha, tangu akiwa mtoto mdogo anayekaa chini ya meza yake, jinsi serikali moja inavyoiandikia nyingine. Barua hiyo wenyewe huiita nota. Nota haisemi mimi wala wewe. Inaanza kwa salamu za heshima na inaisha kwa heshima, hata kama katikati imebeba matusi matupu. Mjomba aliugeuza mchezo wa nyumbani. Akitaka chai anapaza sauti, "Nyumba hii inatoa salamu za heshima kwa Jiko, na ina heshima kuliomba kikombe cha chai, sukari isipungue." Na mama, wakati huo bado kijana, anajibu kutoka jikoni, "Jiko limepokea nota. Nyumba ije ichukue yenyewe, haijavunjika miguu."

Kimoja tu alikikataza. Ile sentensi ya kufungia nota, ya kuhakikishiana tena heshima ya juu kabisa, hakutaka isemwe ndani ya nyumba. "Hiyo tunaiacha kazini," alikuwa akisema. "Ikishasemwa, barua imefungwa, hakuna la kuongeza."

Upekuzi ukapita. Alikuja bwana mmoja mwembamba, mpole, viatu vyake havina mlio, na mfukoni mwa shati ana kalamu nyekundu. Alimkalisha Balozi kwenye chumba kisicho na picha ukutani, akamwuliza swali la thelathini na moja kwa mdomo. "Nje huna mtu kabisa?" Balozi akasema hana. "Hata mjomba, hata shangazi?" Akasema hana. Yule bwana akatikisa kichwa taratibu, akamwambia alete nakala ya tasnifu yake iambatishwe kwenye jalada, utaratibu tu. Balozi akaipeleka kesho yake, akashukuru Mungu kwamba limekwisha.

Halikwisha, bwana we. Alianza kazi kwa majaribio ya miezi kumi na miwili, na miezi hiyo aliiishi roho mkononi. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu: meza nne, makabati ya chuma, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na harufu ya gundi. Simu ya mezani ikilia anawaachia wenzake waipokee. Mtu akimwita kwa jina lake kamili anahisi wamekuja. Usiku analala vizuri tu, maana uchovu haumuulizi mtu, lakini asubuhi akivaa viatu hofu inakuwa imeshavaa yake inamsubiri mlangoni. Na yule wa kalamu nyekundu alikuwa akipita kila baada ya wiki mbili tatu, anachungulia, anasema, "Kazi njema, Balozi." Jina hilo la mtaani nani alimwambia?

Mkuu wake wa dawati, mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu, walimpa jina la Mzee Mkato, kwa sababu barua yoyote uliyompelekea ilirudi imepigwa mikato. "Hapa umeniacha bila pumzi," analalamika, anachomeka mkato. "Wewe unataka kuniua kabla sijala mafao yangu?" Lakini alikuwa mtu mwema kwa namna yake, na kufika mwezi wa saba barua za Balozi zilianza kurudi safi.

Mwezi wa nane, Ijumaa, saa nne asubuhi, Mzee Mkato akamwekea mezani jalada la rangi ya kahawia lenye mstari mwekundu kwenye kona.

"Nota," akasema. "Tunaomba mtu arejeshwe. Mkataba upo, hati ya kukamatwa ipo, wewe unga maneno tu. Nitaisaini Jumatatu saa tatu. Na jalada halitoki nje ya chumba hiki, hata kwenda chooni."

Balozi akafungua. Karatasi ya kwanza ilikuwa na picha, na kwenye picha alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati la mistari, kalamu sikioni. Shati lile alilijua. Alikuwa akilifutia makamasi utotoni.

Alisikia matone ya kiyoyozi yakianguka kwenye ndoo na hakusikia kingine. Akasoma jina la mjomba wake, majina yote matatu, hata lile la babu ambalo nyumbani hawalitumii, akalisoma tena akitumaini limebadilika.

Akajitahidi kufikiri. Aseme, mzee, huyu ni ndugu yangu, mpe mwingine? Sheria inataka aseme. Lakini akisema, wanafungua fomu yake, ukurasa wa nane, wanakuta hakuna, na saini yake chini. Unga unamwagika siku hiyohiyo, na yeye mwenyewe anaingia kwenye gari lisilo na madirisha, na nota itaandikwa tu na mwingine kabla ya chakula cha mchana. Aandike vibaya? Mzee Mkato anaona mkato uliokosewa akiwa mlangoni. Augue? Hata akiugua, mezani kwake kuna wengine watatu wenye afya. Kila alikogeukia alikuta ukuta.

"Mzee," akasema, na sauti ikatoka nyembamba, "hii si kesi ya zamani sana?"

"Ililala," Mzee Mkato akajibu bila kuinua macho. "Hatukuwa na anwani. Huwezi kuiandikia dunia nzima ikurejeshee mtu mmoja. Sasa anwani imepatikana, iko karatasi ya mwisho."

Majalada ya serikali yana nidhamu moja: kila karatasi inapewa namba, ya zamani juu, mpya chini, na hakuna inayochomolewa. Balozi alifunua mpaka namba ya mwisho, hamsini na nne. Ilikuwa nakala ya ukurasa uliochapwa kwa mashine ya steshenari ya mtaani kwao, ambayo herufi yake ya "k" ilikuwa imekatika mguu. Juu kabisa, katikati, palikuwa pameandikwa SHUKRANI.

Jamani. Aliujua kabla hajausoma. Ulikuwa ukurasa wa tatu wa tasnifu yake, ule ambao wanafunzi wote huuandika mwisho, wamechoka, wana furaha, wanataka kumkumbuka kila mtu. Alimshukuru msimamizi wake. Alimshukuru mama. Na chini kabisa aliandika: "Na kwa yule fundi wa taipu aliye mbali, katika chumba juu ya duka la mkate, mtaa wa pili nyuma ya kituo cha treni," akataja na mji, "aliyeniletea vitabu vyote nilivyonavyo. Hii ni yako." Hakutaja jina. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, akajiona mjanja kwa sababu hakutaja jina. Mstari huo ulikuwa umepigiwa wino mwekundu chini yake, umenyooka, wa rula.

Kumbe wasomi tunadhani serikali itasoma sura ya nne, ile ya uchambuzi. Nani ana muda huo? Mtu anayetafuta watu anasoma shukrani, kwa sababu ndipo mtu anapowataja awapendao.

Kwa hiyo walijua. Walijua tangu upekuzi kwamba ameongopa, wakampa kazi hata hivyo, na leo wamempa jalada. Balozi alitazama mlango akitarajia kumwona yule mwembamba amesimama pale. Hakukuwa na mtu. Angependa mtu awepo, angalau amjue aliko.

Akaandika. Mungu amsamehe, aliandika. "Wizara ya Mambo ya Nje inatoa salamu za heshima kwa Ubalozi, na ina heshima kuomba kurejeshewa..." Vidole vilikuwa baridi lakini maneno yalikuja yenyewe, kila moja mahali pake, kwa sababu aliyefundishwa akiwa chini ya meza hasahau. Aliogopa kiasi kwamba alijikaza isiwe na kosa hata moja, kama vile nota safi ingemkinga na chochote. Saa kumi jioni akaipeleka.

Mzee Mkato akaisoma mpaka mwisho, kalamu hewani. Hakuishusha.

"Nani kakufundisha?"

"Chuoni, mzee."

"Chuoni hawafundishi hivi." Akaitazama tena karatasi. "Zamani hapa kulikuwa na mpiga chapa mmoja, alikuwa hakosei mkato..." Akamtazama Balozi usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, kisha akaifunga nota ndani ya jalada na kulifungia kabatini. "Nenda nyumbani, mwanangu. Jumatatu saa tatu."

Jumamosi hakula. Mama alimshika paji la uso, akasema ni kiyoyozi, wizara imemkausha mtoto. Balozi alitaka kumwambia, akajizuia. Mama angelia. Mama angepiga kelele kwenye simu, "Kaka, kimbia!" na hapo wangekwisha wote watatu. Maana watu waliosoma mpaka shukrani zake watashindwaje kusikiliza simu ya mama yake? Na namba ya Mjomba hawana, anayepiga ni yeye. Kilichobaki kilikuwa kusubiri Jumapili saa tisa, na akisema wazi ni kosa lilelile la mjomba wake, kutoa siri za serikali, na akinyamaza Mjomba atafungiwa mlango kwa nje akiwa anakunywa chai. Alishinda uani anafua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Jumapili saa tisa kamili simu ikaita. Mama akaiweka sauti kubwa kama kawaida, akaiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Balozi wangu," ikasema ile sauti, nzito, ina tabasamu ndani yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo?"

"Ana mafua ya kiofisi," mama akadakia. "Hali, hasemi. Mwulize wewe, mimi ananiona mzee."

Mjomba akakohoa kidogo, akaanza kwa sauti ya kitarishi. "Nyumba hii inatoa salamu za heshima kwa Balozi, na ina heshima kumuuliza kwa nini hali chakula."

Mama akacheka, akapiga paja. Balozi alijua jibu lake, alikuwa akilitoa tangu utoto: Balozi amepokea nota. Jasho lilimtoka mgongoni hata kanga ikamnata. Akaushika ukingo wa meza.

"Wizara," akasema.

"Si Nyumba?" mama akauliza. "We naye, kazi imekuingia kichwani."

"Wizara inatoa salamu za heshima kwa Mjomba, na ina heshima kuomba kurejeshewa kitabu chake kilichopotea miaka ishirini na miwili iliyopita, ambacho sasa imethibitika kiko juu ya duka la mkate, mtaa wa pili nyuma ya kituo cha treni."

"Kitabu gani tena hicho?" mama akasema huku bado anacheka. "Kaka, uliondoka na kitabu cha watu?"

Simu ikanyamaza. Kwa mbali, kule kwake, ilisikika treni ikipita, na Balozi akawaza kwamba kama wanasikiliza, na hiyo nayo wanaisikia. Treni ikaisha.

"Nota imeandikwa lini?" Mjomba akauliza. Tabasamu lilikuwa limetoka.

"Ijumaa. Inakwenda kesho."

"Nani kaandika?"

Hapo Balozi alitamani dunia immeze. "Mimi."

Mama aliangalia simu, akamwangalia binti yake, akaona ni mchezo umenoga, akainuka kwenda kuongeza maji kwenye birika.

"Imeandikwa vizuri?"

"Vizuri, Mjomba."

"Hakuna mkato uliokosewa?"

"Hakuna."

"Safi," akasema. Sauti ilikuwa imekauka lakini haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Nilijua utaandika vizuri." Akavuta pumzi. "Basi, Nyumba hii inaitumia nafasi hii kumhakikishia tena Balozi heshima yake ya juu kabisa."

Simu ikakatika.

"Mbona kakata?" mama akauliza kutoka jikoni. "Hata mimi hajaniaga. Salio limemwishia nini?"

"Labda, mama," Balozi akasema.

Jumatatu saa tatu nota ikasainiwa, ikapigwa muhuri, ikaondoka na tarishi. Balozi alikaa kwenye kiti chake akisubiri kukamatwa. Hakukamatwa saa nne. Hakukamatwa Jumanne. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu, na kila mlango uliofunguliwa ulimfunga pumzi. Alipungua mpaka sketi ikawa inazunguka kiunoni. Jumapili saa tisa simu haikuita, wala Jumapili iliyofuata, na mama akaanza kuichaji tangu asubuhi ili isije ikazimika wakati kaka yake anapiga.

Wiki ya sita akaja bwana mwembamba. Safari hii hakuchungulia, aliingia, akavuta kiti, akaketi mkabala naye. Wenzake walikuwa wametoka kula. Mzee Mkato peke yake alikuwepo, ameinamia karatasi zake, hageuki.

"Majibu yamekuja," yule bwana akasema, akatandaza barua. "Walikwenda kwenye anwani. Chumba kitupu. Mwenye nyumba anasema mpangaji aliondoka Jumatatu asubuhi, ameacha hata kikombe mezani." Akamtazama. "Jumatatu hiyohiyo tuliyopeleka nota. Ajabu, eti?"

Balozi aliisoma ile barua mstari kwa mstari. Angefungua mdomo angelia.

"Watu hupata bahati," Mzee Mkato akasema kule aliko, hajainua kichwa.

Bwana mwembamba akamtazama mzee kidogo, akarudi kwa Balozi. Akatoa fomu ya upekuzi, kurasa kumi na mbili, akaifungua ya nane. Akaweka kidole. "Ndugu walioko nje. Uliandika hakuna. Nakuuliza mara ya mwisho, nijaze nimalize. Kuna yeyote unayejua aliko?"

"Hakuna," Balozi akasema. Na kwa mara ya kwanza lilikuwa kweli. Hakujua ni mji gani, ni nchi gani, kama amepata chumba, kama amekula.

Yule bwana akachomoa kalamu nyekundu, akapiga alama ya vema. "Nilitaka kuona kama nota ile utaiandika au hutaiandika. Uliandika. Sina haja ya zaidi." Akasimama, akarekebisha kiti kilipokuwa. "Umethibitishwa kazini kabla ya muda, hongera. Karatasi hamsini na nne itabaki jaladani, unajua utaratibu wetu, haichomolewi. Siku tukikuhitaji kwa jambo lolote, tutakumbushana." Akaondoka, na viatu vyake havikulia.

Mzee Mkato akaja, akamwekea mbele yake bilauri ya maji, akarudi kwenye kiti chake.

Jioni alimpelekea mama barua ya kuthibitishwa. Mama aliisoma mara mbili, akapiga vigelegele mpaka muuza duka akatoka nje, akauliza kuna nini, akaambiwa Balozi sasa ni wa kweli. Safari hii hakuna aliyemtania. Mama akarudi ndani, akaisimamisha barua kwenye kopo la sukari, pale simu inapokaa Jumapili, na furaha ikamwisha taratibu usoni.

"Angekuwepo angefurahi kunizidi," akasema. Akaketi. Aliitazama simu iliyojaa chaji, kisha akamgeukia binti yake, na sauti yake ikawa ya mtu anayeogopa kuuliza. "Jumapili tano hizi. Hajawahi kukosa hata moja, hata mwaka ule alipougua. Niambie ukweli, mwanangu, ile siku ya mwisho mliongea ninyi. Umemfanyia nini mjomba wako?"

Balozi alifikiri juu ya nota, juu ya Wizara na kitabu, juu ya ile kalamu nyekundu. Hayo yote yalikuja baadaye, baada ya ule ukurasa wa tasnifu.

"Nilimshukuru, mama."